Bustani ya Nyumbani Wakati wa Mgao wa Maji

Itakumbukwa kwamba mwezi wa Oktoba 2022, kina cha mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kuu la maji ya Dar es Salaam, kiliposhuka kwa sababu ya ukame, mgao wa maji ulitangazwa, na si ajabu kama baadhi ya watu walikata tamaa juu ya bustani zao, wakidhani kwamba bomba likikauka hapana hila tena.

Hila ipo, na huanzia ardhini. Mchanga wa pwani hauhifadhi maji, bali huyapitisha upesi. Basi mtu akiuchanganya na samadi iliyooza, kisha akaufunika kwa majani makavu au makumbi ya nazi, unene wa vidole vinne, jua halitapata njia nyepesi ya kuunyonya unyevu wake. Mwagilieni alfajiri au baada ya magharibi, tena shinani.

Lakini lililo bora zaidi, kwa rai yangu, ni chungu cha udongo kisichopakwa rangi: kizikeni hadi shingoni karibu na mnyanya, kijazeni maji safi, kisha kifunikeni, na vinyweleo vyake vitayatoa maji kidogo kidogo kwa kadiri ya kiu ya mizizi. Maji yaliyooshea mchele msiyatie humo, maana yataviziba vinyweleo hivyo. Hayo upeni mlimau.

Ama ukoka, uacheni ukauke. Mvua za vuli zikishuka, utachipua wenyewe.