Kupasuliwa kwa Ajili ya Unene: Matayarisho ni Yetu Sote

(Hotuba ya Kamati ya Wagonjwa na Misiba, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kila mwaka kamati yetu husimama hapa kuwaarifu habari za wagonjwa tuliowazuru na misiba tuliyoihudumia. Hesabu zake mtazikuta katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya mgonjwa mmoja tu, kwani katika habari yake chama kizima kimepata funzo, na sisi wanakamati tumelipata kwa aibu.

Mwenzetu huyo ni mama wa Likoni, mwanachama wa miaka mingi. Ametupa idhini tuieleze habari yake, ila jina lake tusilitaje. Katika mkutano mmoja wa robo mwaka ilisomwa barua yake ya kuomba msaada wa nauli na malazi, apate kwenda Nairobi kupasuliwa kwa ajili ya unene. Kabla barua haijakwisha, kicheko kilitoka nyuma ya chumba. Mtu mmoja akasema, "Afunge mdomo wake, asitufungue mfuko wetu." Twakiri mbele yenu ya kuwa hata katika meza ya kamati walikuwamo waliotabasamu. Mama huyo alijitanda leso yake, akaondoka, na kwa muda wa miezi mitatu hatukumwona tena.

Tulipokwenda kumwomba radhi alitukaribisha kwa heshima, akatueleza maisha yake. Tangu alipokuwa mtoto chuoni wenzake walimwita pipa. Alipokuwa mwari, watu wazima walimsifu ya kuwa amenawiri. Alipokwisha kuzaa, wale wale wakamcheka. Ameacha wali, amekunywa maji ya ndimu, amenunua dawa za vichupa zitembezwazo sokoni Kongowea. Mara nne alipungua, na mara nne uzani ulirudi na ziada. Sasa ana kilo 128, na kimo chake ni mita 1.60. Ana kisukari, magoti yamtaabisha, na usiku pumzi humkatika usingizini. Akishuka katika kivuko cha Likoni humbidi apumzike mara tatu kabla ya kuumaliza mteremko wa ng'ambo, na umati humpita ukimsukuma.

Wazee wetu, tulimwuliza daktari swali lile mlilotuuliza ninyi: Je, huu si ulafi tu? Alitujibu ya kuwa mwili hupigania uzani wake uliouzoea. Mtu mnene akipungua, njaa yake huzidi, na mwili wake huanza kutumia chakula kwa ubahili. Ndiyo sababu wengi hupungua, na wachache tu hudumu. Wala si taabu ya mtu mmoja. Imehesabiwa ya kuwa katika mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 duniani walikuwa na maradhi haya, na hapa Kenya uchunguzi wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha ya kuwa mwanamke 1 katika kila 3 wa umri wa kuzaa alikuwa na uzani uliopita kiasi.

Madaktari huzichukua kilo za mtu wakazigawanya kwa kimo chake kilichozidishwa kwa kimo hicho hicho. Mtu mzima akipata 30 huhesabiwa kuwa na maradhi ya unene. Kwa mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na mabingwa wa kazi hii, aliyefika 35 apendekezewa kupasuliwa. Mwenzetu amefika 50.

Sasa, upasuaji wenyewe ni nini? Njia moja ni kuondoa karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo, ukabaki mrija mwembamba. Sehemu iondolewayo ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa. Njia ya pili ni kutenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunga na utumbo, chakula kipite kando. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1966 na Dakta Edward Mason wa Iowa, Marekani, aliyeona ya kuwa wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walipungua mwili. Siku hizi kazi hufanywa kwa kupitisha vyombo katika matundu madogo. Hapa nchini hufanyika Nairobi, kama katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na gharama yake ni laki nyingi za shilingi.

Tusichanganye jambo hili na kunyonywa mafuta ili kutengeneza umbo. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 2024 magazeti yalieleza kifo cha mwanamke aliyefanyiwa hivyo katika zahanati moja ya Nairobi. Basi kila mwenye nia ya kupasuliwa na ahakikishe kwanza ya kuwa daktari wake yumo katika daftari la Baraza la Madaktari, na kwamba hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi. Hatari ipo, ingawa ni ndogo mikononi mwa wenye ujuzi.

Tulidhani ya kuwa matayarisho ni kutafuta fedha tu. Kumbe fedha ni sehemu moja. Mwenzetu amepimwa damu, moyo na pumzi za usiku, na mfuko wake wa tumbo umetazamwa kwa mpira wenye taa. Ameonana na mtaalamu wa lishe na mshauri wa mambo ya nafsi. Ajizoeza kutafuna polepole, kula kidogo kidogo, na kutokunywa maji pamoja na chakula. Soda ameiacha. Katika wiki mbili za mwisho atapunguza sana vyakula vya wanga na mafuta ili ini lake lisinyae, maana ini hulala juu ya mfuko wa tumbo, na likiwa limejaa mafuta humzuia daktari kufika. Dawa za kisukari hatazibadili ila kwa amri ya daktari. Na kila alfajiri hutembea na majirani wawili, mwendo wa pole, kwa kuwa miguu itembeayo husaidia kuzuia damu isigande baada ya kupasuliwa.

Baada ya hapo yako ya maisha yote. Itampasa kumeza vitamini na madini kila siku, na kupimwa damu kila mwaka. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huambiwa angoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba. Mwenye kufunga Ramadhani amwulize daktari kwanza. Wala uzani hautakwisha wote: wengi hupoteza kama robo yake au zaidi kidogo, na mtu aweza kunenepa tena akirudia mazoea ya zamani.

Hapo ndipo tulipoona wajibu wetu. Mtu hawezi kula kijiko kidogo katika nyumba inayomhimiza aongeze sahani, wala katika chama kinachompa mahamri na soda kisha kikamcheka. Anayejitayarisha si mgonjwa peke yake. Wazee walinena ya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi tuliuona mzigo wake mwepesi kwa kuwa hatukuwa tumeubeba.

Kamati imekwisha kuanza. Mzee mmoja seremala wa Kisauni ametengeneza benchi imara, kwa sababu mama huyo aliviogopa viti vyetu vya plastiki, nasi hatukuwa tumelifikiri hilo hata siku moja. Jamaa wa Changamwe watamlaza usiku wa kuamkia safari, asihangaike na kivuko alfajiri, kisha watamfikisha stesheni ya Miritini kupanda treni ya asubuhi. Akirudi, akina mama wa Likoni watamzuru kwa zamu mwaka mzima.

Twawaomba mkubali mambo matatu: kwanza, nauli na malazi yake yatoke katika mfuko wa wagonjwa, kama wa maradhi mengine yote, pili, katika mikutano yetu paletwe matunda na maji, tatu, barua ya mgonjwa isichekwe tena katika chumba hiki.

Siku ya kupasuliwa kwake bado haijatajwa. Mwenyewe yupo hapa leo, ameketi katika benchi lile. Bwana Mwenyekiti, kamati yaomba radhi kwake mbele ya mkutano huu, kama ilivyomkosea mbele ya mkutano.