Habari za Maradhi na Mahali pa Kuzipata
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Ngaka)



Tulipotakiwa kusema mbele yenu juu ya afya, kwanza tulidhani yatosha kueleza habari za maji ya kuchemsha na vyandarua. Lakini tuliona liko jambo lililo karibu zaidi na kazi yetu sisi makarani, nalo ni hili: mtu afanyeje kupata habari za kweli za maradhi, pindi wale waliowekwa kuzitoa wanaponyamaza? Wala jambo hili si la kubuni. Limetupata sisi wenyewe, nasi ndio tulioshika kalamu.

Mwanzo wake mnaukumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Hesabu zikawa zikitolewa mpaka zikafika wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikasimama. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli alisema huko Chato ya kuwa sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa katika maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi yake zikarudi zikionyesha maradhi. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Siku chache baadaye Dkt. John Nkengasong, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kuzuia maradhi, alijibu ya kuwa vipimo vile vinafanya kazi vizuri. Mwezi wa Juni ikanenwa kwamba ugonjwa umekwisha nchini, na tokea hapo hesabu hazikuonekana kwa muda wa zaidi ya mwaka. Tena kanuni za Julai 2020 zikakataza kueneza mitandaoni habari za ugonjwa wa kuambukiza bila idhini ya wenye mamlaka.

Hatusemi kuwa maabara haikosei. Hukosea, kama daftari la fedha linavyokosewa. Lakini karani akiona hesabu haikubaliani, huijumlisha upya. Hatupi daftari motoni.

Basi, huku kwetu malori ya makaa ya mawe yaliendelea kupita, na madereva wakaja kutoka kila upande. Mwanzo wa 2021 matanga yakawa mengi. Katika matangazo ya vifo tulisoma na kuandika maneno yale yale, “shida ya kupumua,” na kila mtu aliyajua maana yake, wala hakuna aliyeyaeleza. Siku moja alikuja mzee mmoja barazani kwetu, akatuuliza, “Wanangu, ninyi mnaosoma barua za Serikali, je, ugonjwa huu upo au haupo?” Tukamjibu, “Baba, hatujapata waraka.” Akashukuru, akaenda zake msibani alikokuwa akienda. Hazikupita siku nyingi, mkewe akafariki. Kama ilikuwa Korona hatujui, maana hakupimwa. Lakini jibu letu tunalijua. Halikuwa uongo, wala halikumfaa kitu, na hata leo tukimwona sokoni hutusalimu kwa heshima, jambo linalotuumiza zaidi kuliko kama angetutukana.

Na habari zilikuwapo. Jamaa zetu wa Liuli na Mbamba Bay walisikiliza redio za ng'ambo ya ziwa. Tarehe 12 Januari 2021 Malawi ilipoteza mawaziri wawili kwa siku moja kwa ugonjwa huo, nayo Serikali yao ikatangaza wazi. Ziwa ni lile lile, na mitumbwi huvuka. Mwenye akili angeuliza ugonjwa umezuiwa na nini katikati ya maji. Mwezi ule ule Maaskofu Katoliki wa nchi hii waliwaandikia waumini wao wajihadhari. Mwezi wa Machi Padre Charles Kitima, katibu wa baraza lao, akasema kwamba mapadre zaidi ya 25 na watawa 60 wamefariki kwa miezi miwili. Habari hiyo tuliiona nzito, si kwa kuwa msemaji ni padre, bali kwa kuwa ni hesabu ya watu wenye majina. Kila parokia inamjua padre wake, kama hesabu ni ya uongo, mtu angesimama akasema, “Padre wetu yu hai.” Msemaji anayeweza kusutwa na wengi, wala hasutwi, huyo asikilizwe. Na muuguzi asemaye, “Wodini kwangu vitanda vimejaa, lakini wodi nyingine sijui,” twamwamini kwa sababu ya hilo neno la mwisho.

Lakini wako wenzetu ambao, walipoona Serikali imenyamaza, waliamini kila asemaye kinyume chake. Simu zetu zilijaa sauti za madaktari wasio na jina wala hospitali. Nasi tulizipeleka mbele, haifai kuficha. Tarehe 1 Februari 2021 Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, alionyesha hadharani kinywaji cha tangawizi, vitunguu na ndimu, akasema hakuna mpango wa kupokea chanjo. Tarehe 28 Julai mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu, na chanjo zaidi ya milioni moja zikiwa zimewasili. Waziri akawa ndiye anayehimiza, naye Askofu Josephat Gwajima, mbunge, akawa ndiye anayepinga. Jina moja, maneno mawili! Watu wakatuuliza, “Mwaka jana mlisema hivi, leo mwasema vile, ni lini mlisema kweli?” Wengi wakakataa sindano, na baadhi yetu hapa tulingoja miezi kabla ya kukunja shati.

Msidhani jambo hili limezikwa pamoja na Korona. Mwezi wa Machi 2023 Serikali yenyewe ilitangaza mapema ugonjwa wa Marburg huko Kagera, na mwanzo wa Juni ukatangazwa kuwa umekwisha. Lakini mwezi wa Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa tarehe 14 habari za wagonjwa waliodhaniwa kuwa na Marburg huko huko Kagera; Wizara ikajibu kuwa vipimo havikuonyesha kitu; tarehe 20 Rais mwenyewe akathibitisha mgonjwa mmoja Biharamulo. Siku sita. Katika siku sita mtu hutoka Kagera akafika Ngaka, akala, akalala, akarudi.

Kwa hiyo tumenunua daftari, nalo limewekwa mezani kwa Katibu. Kila mwanachama asikiaye habari ya maradhi na aiandike humo: amesikia kwa nani, siku gani, na kama huyo ameona kwa macho au ameambiwa. Nafasi ya nne imeachwa tupu, ya kuandika ilivyothibitika baadaye. Jina la mgonjwa lisiandikwe. Na mzee akija kuuliza, asomewe.