Vyombo vya Watu wa Kale, Misri na Kwetu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa kusema machache juu ya vyombo vya watu wa kale wa Misri. Itajwapo Misri, wengi hufikiri dhahabu ya Mafirauni. Sisi twapenda kuanza na mikate.

Mwaka 1906 Mwitalia mmoja, Ernesto Schiaparelli, alifunua kaburi la bwana aitwaye Kha na mkewe Merit, karibu na kijiji cha Deir el-Medina. Kha hakuwa mfalme. Alikuwa msimamizi wa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, yaani mtumishi wa serikali kama sisi. Wezi hawakupata kuliona kaburi lile. Ndani yake mlikuwa na vitu zaidi ya 400: vitanda, vigoda, nguo za kitani, nywele za bandia za Merit katika kasha lake, ubao wa mchezo, na mikate iliyookwa yapata miaka 3,400 iliyopita, nayo ingali na umbo lake. Karibu vyote vimewekwa katika jumba la makumbusho la Turin.

Katika kijiji kile kile makarani walikuwa na kazi tuijuayo. Katika British Museum, London, kuna kipande cha jiwe kilichoandikwa kwa wino mweusi na mwekundu, mwaka wa 40 wa Firauni Ramesses wa Pili. Ni daftari la mahudhurio! Huyu hakuja, aliumwa na nge. Huyu alikuwa mgonjwa wa macho. Huyu alikuwa akitengeneza pombe. Udhuru huu wa mwisho hatumshauri mtu aujaribu siku hizi.

Labda mtu atauliza, mbona pwani yetu haikutuachia mikate ya namna hiyo? Si kwamba wazee wetu hawakuwa na vyombo. Misri mvua ni haba, na mchanga mkavu huhifadhi hata uzi. Kwetu kuna masika, chumvi na mchwa. Mkeka, ungo, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi, vitu tuvinunuavyo Kariakoo hata leo, havidumu ardhini. Hubaki kile tu ambacho mchwa hawezi kukitafuna: vigae, ushanga, shaba na mawe. Kwa hiyo atafutaye habari za mababu zetu hana budi kuzisoma katika vipande.

Na vipande hivyo vyasema mengi. Bwana Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani kwa miaka kadhaa tangu 1958. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni vigae vidogo vya vyungu vilivyovunjika, vimechongwa mviringo na kutobolewa katikati. Mtu angevidhania takataka. Kumbe vilitiwa kijiti, vikawa pia za kusokotea uzi wa pamba. Chungu kilivunjika jikoni, na kipande chake kikaanza kazi nyingine mkononi mwa msokotaji. Tena Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 waliikuta pamba ikilimwa kisiwani. Basi asemaye ya kwamba watu wa pwani walivaa nguo za kuletwa na majahazi tu, kigae hiki chamkanusha.

Ziko pia sarafu ndogo za shaba zenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeijenga Husuni Kubwa, ambaye Ibn Battuta alimzuru mwaka 1331. Upande mmoja lipo jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zina vina vinavyolingana. Hata pesa ya kununulia samaki ilitakiwa iwe na vina!

Lakini liko jambo la kusikitisha, wala si mbali. Huko Kunduchi, kaskazini ya mji huu, nguzo za makaburi zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Leo katika nguzo nyingi limebaki tundu tu, mabakuli yaling'olewa. Bakuli likiwa mahali pake latuambia habari za zama zile na za heshima ya marehemu. Likiwa kabatini mwa mnunuzi ni bakuli tu, kama barua iliyochomolewa katika jalada lake, haina namba wala tarehe. Karani gani asiyejua taabu ya barua kama hiyo?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu hivi bila ruhusa. Wenzetu mwendao safari za kazi wilayani, mkionyeshwa kigae au sarafu, msinunue wala msihamishe. Andikeni jina la mahali, na nani aliyekiona kitu hicho, na lini, kisha pelekeni taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale.

Jumba la makumbusho lililofunguliwa hapa mjini mwaka 1940, kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano, ndilo Makumbusho ya Taifa ya leo, jirani ya Bustani ya Mimea. Kutoka Posta ni mwendo mfupi wa miguu. Wapendao kuviona vitu vya Kilwa kwa macho yao, tukutane mbele ya Posta ya Zamani Jumamosi, saa nne asubuhi. Wenye watoto na waje nao.