"Jana Alikuwa Mzima"



Ndugu yangu msomaji, mara ngapi umerudi mazikoni ukasikia barazani: "Subhanallah, jana tulikuwa naye hapa, mzima kabisa"? Mauti ni ya Mwenyezi Mungu, hilo halina shaka. Lakini je, alikuwa mzima kweli, au hakuwahi kupimwa?

Kwa waliopita miaka 35, vifo vingi vya ghafla vya moyo hutokana na kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo damu. Maradhi haya hujengeka miaka na miaka: presha, sukari, sigara, mafuta mwilini. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajapimwa hata mara moja. Presha haipigi hodi!

Basi Ramadhan hii tufanye mambo matatu.

Kwanza, tukapimwe, sisi na wazee wetu. Mwenye dawa asiziache kwa ajili ya saumu. Amuulize daktari mapema, kwani nyingi zaweza kupangwa futari na daku. Akikatazwa kufunga, ruhusa ya mgonjwa ni rehema, si aibu.

Pili, tutazame sinia. Sambusa, bajia na viazi vya karai si haramu, lakini kila siku, mwezi mzima? Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Na ile sigara ya baada ya futari, tuiache kabisa.

Tatu, tujifunze kuokoa. Mtu akianguka, haitiki, hapumui au anakoroma tu, usimmwagie maji wala usimkalishe. Mmoja akatafute gari. Wewe mlaze chali sakafuni, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Tarehe 12 Juni 2021, mchezaji Christian Eriksen alianguka uwanjani Copenhagen, moyo umesimama. Alikandamizwa kifua palepale, akashtuliwa kwa mashine ya umeme, akapona na kurudi kucheza.

Sisi twaishi Mji wa Kale, na vichochoro vyetu vingi havipiti gari. Mpaka mgonjwa afikishwe barabarani, ambulensi yake ni mikono yako. Isome Surat al-Maida, aya ya 32, ujue thamani ya kuokoa nafsi moja.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.