Mgongo wa Mchukuzi na Maumivu Yashukayo Mguuni

(Mazungumzo mbele ya makatibu, watunza ghala na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi vya wakulima wa korosho)



Msimu wa korosho unapokaribia mwezi Oktoba, kila chama hukaguza mizani yake, hufagia ghala, huhesabu magunia matupu na kupanga chaga. Kipo chombo kimoja kisichokaguliwa na mtu yeyote, nacho ndicho kitakachobeba mzigo wote mpaka msimu uishe: mgongo wa mchukuzi. Mazungumzo ya leo yanahusu maumivu yanayoanzia kiunoni au takoni na kushuka mguuni, ambayo waganga huyaita siatika, pamoja na maumivu ya nyonga ambayo mara nyingi huchanganywa nayo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hapa ni mahali pa hesabu. Gunia moja la korosho ghafi huwa na kilo 80. Chama kinachopokea tani 400 kimepokea magunia 5,000. Kila gunia huinuliwa si chini ya mara tatu: kutoka kwenye baiskeli ya mkulima hadi mizani, kutoka mizani hadi kwenye rundo, na kutoka rundo hadi lori. Hiyo ni mara 15,000. Wachukuzi wakiwa sita, kila mmoja ameinua mara 2,500, yaani tani 200 kwa msimu mmoja. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo abebao mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55, na kwamba mzigo wa mwanamke uwe mdogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Kila mjumbe aliyepo hapa anaweza kutoa 55 katika 80.

Katika chama kimoja cha msingi, jioni moja ya mwezi Desemba, lori lilikuwa likisubiri na dereva akipiga honi. Mchukuzi mmoja, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa pia mwanachama mwenye shamba lake, alinyanyua gunia kutoka mizani na kujipinda kuelekea rundo huku miguu yake imesimama palepale. Alisikia kitu kama waya wa moto kikipita kutoka takoni mpaka shavu la mguu wa kushoto. Hakulitupa gunia. Alilifikisha, kisha akabeba mengine kumi na moja, kwa sababu ujira ulikuwa wa kuhesabu magunia na asiyebeba halipwi. Asubuhi yake alishindwa kuvaa suruali. Akikohoa, moto hushuka mguuni, akikaa, huzidi, akilala chali, hauna nafuu.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni baridi yabisi, wengine kwamba ametupiwa kitu. Alichanjwa kiunoni. Mkewe aliuza kuku ili anunuliwe sindano kutoka duka la dawa. Wote kwa pamoja walimshauri asiinuke kitandani, naye akalala siku ishirini na mbili. Katika siku hizo kamati ilikutana, ikaweka mtu mwingine, na karani akaandika mbele ya jina lake: ameacha kazi. Hakuwa ameacha kazi. Daftari za chama zina safu ya magunia yaliyopasuka na safu ya unyaufu wa korosho ghalani, lakini hazina safu ya mtu aliyeumia akilinda magunia yasipasuke.

Yafaa ieleweke kilichomtokea. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili, na kati ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu chenye ukingo mgumu na kiini laini. Ukingo ukichanika, kiini huchomoza na kubana mzizi wa mshipa wa fahamu ulio karibu. Mizizi ya sehemu ya chini ya kiuno huungana kufanya mshipa mmoja, mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, unaopita takoni na nyuma ya paja mpaka unyayoni. Ndiyo maana aliyeumia kiunoni hulalamikia mguu, na anayempaka dawa ya kuchua kwenye shavu la mguu anapaka mahali pasipo na kosa. Jambo hili halikuwa wazi hata kwa madaktari mpaka mwaka 1934, pale Mixter na Barr wa Boston, Marekani, walipochapisha maelezo ya wagonjwa waliopasuliwa na kukutwa visahani vimechomoza.

Sababu si kisahani peke yake. Kwa wazee, tundu apitamo mshipa huweza kuwa jembamba kwa kuota mifupa. Na ipo sababu moja ya aibu, ambayo ni sindano ya tako iliyochomwa mahali pasipostahili. Sindano hiyo huweza kuujeruhi mshipa uleule unaotibiwa. Sindano za kupokezana dukani ziachwe.

Baada ya siku ishirini na mbili mchukuzi yule alipelekwa zahanati kwa baiskeli, akiwa amelazwa kifudifudi kwenye kiti cha nyuma, safari ambayo hakumtakia hata adui. Alimkuta tabibu, binti mdogo kuliko mwanawe wa kwanza.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mguu umeharibika.”

Binti alimlaza chali, akauinua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika mbali kabla ya moto kushuka mpaka kidole kidogo. Akamtaka asimame kwa ncha za vidole. Kisigino cha kulia kiliinuka, cha kushoto kikasita. Kisha akauliza maswali ambayo mgonjwa aliyaona ya ajabu: je, mkojo unatoka kama kawaida? Je, anapokaa ana ganzi mahali panapogusa kigoda? Je, ana homa, jasho la usiku, kikohozi cha siku nyingi? Amekonda?

Ndugu Wajumbe, maswali haya yashikwe na kila mtunza ghala. Mtu mwenye maumivu ya kiuno anayeshindwa kukojoa au kuzuia haja, au aliyepata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au ambaye miguu yote miwili inalegea, asingojee kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni kwa gari la kukodi la chama, kwa sababu mishipa yote ya chini imebanwa na saa zikipita ulemavu huweza kubaki. Mguu unaoburura vidole chini nao uonyeshwe haraka. Homa, jasho la usiku na kukonda huweza kuwa dalili za kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu si hadithi na ambacho hutibika kwa dawa. Na mzee ambaye maumivu hayampi nafasi usiku wala mchana achunguzwe kama hana saratani.

Mchukuzi wetu hakuwa na hata moja kati ya hayo.

“Baba, mguu huu haukuharibika. Mshipa umebanwa kiunoni. Kitanda kimekutosha, kuanzia leo utembee.”

“Mwanangu, nitembee na moto huu?”

“Tembea mpaka mkorosho wa kwanza, urudi. Ukizoea, nenda wa pili.”

Ushauri huo ulionekana kama wa mtu asiye na huruma, na ndio wenye ushahidi. Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi walichapisha jaribio ambalo wagonjwa wa siatika waligawanywa: kundi moja lilale kitandani wiki 2, kundi jingine liendelee na shughuli kadiri liwezavyo. Baada ya wiki 12, wagonjwa 87 katika kila 100 walikuwa wamepata nafuu, na hesabu ilikuwa ileile kwa makundi yote mawili. Kitanda hakikuongeza kitu. Mwili wenyewe aghalabu hukinyonya kiini kilichochomoza, nao uvimbe uliouzunguka mzizi hutulia. Hata upasuaji, katika jaribio jingine la Waholanzi lililochapishwa mwaka 2007, uliwapa wagonjwa nafuu ya mapema zaidi, lakini mwaka mmoja baadaye waliopasuliwa mapema na waliotibiwa kwanza bila kisu walikuwa sawa: 95 katika kila 100 walisema wamepona. Basi kisu kina nafasi yake kwa yule ambaye maumivu makali hayapungui baada ya wiki nyingi, na kwa yule mwenye dalili za hatari. Si mlango wa kwanza.

Kuhusu dawa, yatosha kusema kwamba vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kusaidia kidogo kwa siku chache, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au mimba asizimeze bila kuulizia. Kuzinunua mwezi hadi mwezi ni kununua ugonjwa wa pili.

Kazi kubwa iko nyumbani, katika mambo madogo. Mchukuzi yule alijifunza kulala ubavu huku kanga iliyokunjwa ikiwa kati ya magoti. Kigoda kifupi kilimtesa, akahamia kiti kirefu, na hata hapo hakukaa zaidi ya nusu saa bila kusimama. Chooni mkewe alichimbia mti wa kushikilia, maana kuchuchumaa kulikuwa adhabu. Msikitini aliswali amekaa, kama ilivyoruhusiwa kwa mgonjwa. Na kila siku alihesabu mikorosho. Wiki ya kwanza alifika mti wa nne. Ya tatu, wa kumi na tano. Halafu alipanda pikipiki kwenda kudai malipo yake ya pili, akarudi amelia njia nzima, na kesho yake hakufika hata mti wa tatu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kitandani. Tabibu alikuwa amemwonya kwamba nafuu ya ugonjwa huu haipandi kama ngazi. Huenda mbele na kurudi nyuma, na dalili njema ni maumivu kupanda kutoka unyayoni kuelekea kiunoni. Wiki ya sita alifika mti wa arobaini.

Tuiguse nyonga. Si kila anayesema “nyonga” ana siatika, wala kinyume chake. Mama mmoja mwanachama, aliyepita miaka sitini na aliyeokota korosho chini ya miti tangu usichana, alitibiwa kiuno kwa miaka miwili bila faida. Maumivu yake yalikuwa kinenani na mbele ya paja, hayakuvuka goti, na tatizo lake kubwa lilikuwa kuvaa kiatu na kukalia mkeka. Hiyo ni nyonga yenyewe, gegedu limelika. Alipoambiwa ashike fimbo kwa mkono wa upande mzima, si upande unaouma kama afanyavyo kila mtu, alishangaa kuona mwendo umebadilika siku ileile. Mazoezi ya kuimarisha mapaja na kupunguza uzito kwa aliyenenepa husaidia. Kwa nyonga iliyokwisha kabisa, upo upasuaji wa kuibadilisha, unaofanyika hapa nchini, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kijana anayechechemea kwa maumivu ya nyonga asipuuzwe, hasa akiwa na ugonjwa wa selimundu, ambao huweza kuukosesha damu mfupa wa nyonga mpaka ukafa.

Sasa yale yanayoihusu kamati. Imezoeleka kumwambia mchukuzi akunje magoti, aweke mzigo karibu na mwili na ageuke kwa miguu badala ya kujipinda. Ni ushauri mzuri, lakini tafiti zimeonyesha kwamba mafunzo ya kuinua peke yake hayapunguzi maumivu ya mgongo kwa kiasi cha kutajika. Kumfundisha mtu namna bora ya kuinua kilo 80 ni kukwepa swali la kilo 80. Chama hakiwezi kuamua peke yake ukubwa wa gunia linalokwenda sokoni. Kinaweza kuamua kwamba hakuna gunia liinuliwalo na mtu mmoja. Kinaweza kununua toroli mbili, kuchonga ubao mpana wa kupandia lori, kuinua jukwaa la mizani lilingane na kimo cha mapaja, na kuzuia rundo lisipite kifua. Vitu hivi viingizwe katika makisio na vipelekwe mkutano mkuu mapema, kabla fedha hazijagawiwa kwa posho za vikao. Kadhalika ujira wa gunia utazamwe upya, kwa kuwa ndio uliombebesha mtu yule magunia kumi na moja juu ya jeraha.

Aliyeumia kazini taarifa yake iandikwe siku hiyohiyo, kwa saa na mahali. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 ipo, na Mfuko wa Fidia umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 2015. Karani anayeandika “ameacha kazi” anamfungia mwenzake mlango huo. Na watumiao mashine za kubeba mgongoni za kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga wapokezane, kwani nao wanabeba.

Mchukuzi yule alirudi msimu uliofuata baada ya mwanachama mmoja kusimama mkutanoni na kuuliza neno “ameacha” liliandikwa kwa idhini ya nani. Kamati ilinyamaza kwa muda, kisha ikamweka kusoma mizani, na tangu Novemba anashika upande mmoja wa gunia pale mwenzake anaposhika wa pili. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kingali na ganzi. Asubuhi, kabla ghala halijafunguliwa, bado huenda mpaka mkorosho wa arobaini na kurudi.