Kiu ya Hewa: Jani la Garsen Saa Nane Mchana

Saa nane mchana mjini Garsen, katika delta ya Tana nchini Kenya, watu huhama baraza za mabati wakaenda kukaa chini ya mwembe. Vivuli vyote viwili huzuia jua, lakini mabati huwaka na kummwagia joto aliye chini yake, ilhali jani la mwembe lenye maji ya kutosha hutoka jasho likajipoza. Mhadhara huu unahusu milango ya jasho hilo: vitundu vya jani, ambavyo vitabu vya shule huviita stomata, na jinsi joto linavyovifungua na kuvifunga.

Anayetaka kuliona jasho lenyewe na afunge tawi lenye majani ndani ya mfuko mwangavu, kama bado anao baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, asubuhi penye jua. Haitapita saa moja kabla matone hayajatanda ndani yake.

Kila kitundu kina seli linzi mbili zinazokabiliana kama midomo. Potasiamu ikiingia ndani ya seli hizo, maji hufuata. Seli huvimba, hujipinda, na mwanya hutokea kati yao. Maji yakitoka, hulegea na mwanya hufumba. Kwa mwanya huo jani huvuta hewa ya kaboni ya kutengenezea chakula, na kwa mwanya huo huo maji hutoroka.

Sasa joto. Wengi hudhani jua likizidi vitundu hufunga, basi. Majaribio ya maabara yamekuwa na jibu lenye kona zaidi: ukavu wa hewa ukizuiwa usiongezeke, mimea mingi hufungua zaidi kadiri joto linavyopanda, hadi kikomo fulani. Shambani ukavu hauzuiliki. Hewa ya nyuzi 25 ikishiba hubeba kiasi cha gramu 23 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 35 hubeba karibu gramu 40. Chukua asubuhi ya nyuzi 25 yenye gramu 18 za mvuke: pengo ni gramu 5. Joto likifika 35 mchana na mvuke ukabaki ule ule, pengo huwa gramu 22. Nyuzi zimeongezeka 10 tu, kiu ya hewa imezidi mara nne. Hapo mti usioweza kupandisha maji kwa kasi hiyo hufumba midomo, na kwa kufumba hujinyima chakula na ubaridi kwa pamoja.

Afrika Mashariki iliyaona haya mapema. F. J. Nutman, aliyechunguza mibuni Tanganyika, alichapisha mwaka 1937 matokeo yaliyoonyesha majani ya mbuni yakifunga vitundu chini ya jua kali na kufungua tena mwanga ukipungua. Wakulima wa kahawa wanaotetea miti ya kivuli wana hoja.

Katika delta ya Tana hoja kubwa ni mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, karibu na Garsen ulibomolewa matuta na mafuriko ya El Niño ya 1997/98, na mazungumzo juu yake tangu hapo huwa ya mifereji na matuta. Joto pia lastahili kiti katika kikao hicho. Mpunga ukichanua hewa ikiwa juu ya nyuzi 35, hata kwa muda mfupi, mbegu hazitungi na mkulima huvuna mapepe. Kinga yake mojawapo ni jasho: kusini-mashariki mwa Australia, kwenye majaruba yenye maji na hewa kavu, masuke yamepimwa yakiwa baridi kuliko hewa kwa nyuzi kadhaa. Lakini pepo za bahari zikijaza delta unyevu, vitundu huweza kuwa wazi kabisa na ubaridi usipatikane, kwa kuwa hewa iliyoshiba haipokei jasho. Kwa hiyo kipimajoto pekee hakimtoshi afisa wa kilimo. Apime na unyevu.

Mimea mingine hukabili kiu ya hewa kwa njia zake. Mathenge, mti uliopandwa Bura miaka ya 1980, una dawa yake: mizizi mirefu inayofuata maji ardhini, ukabaki kijani wakati malisho ya wafugaji wa Kiorma yamekauka. Mkonge nao hufungua vitundu usiku, kiu ya hewa ikiwa imepungua.

Mwanafunzi wa Garsen hahitaji mashine ghali kuyachungulia haya. Apake rangi ya kucha isiyo na rangi mgongoni mwa jani la mwembe saa tatu asubuhi, aiache ikauke, aibandue kwa utepe wa gundi na kuiweka chini ya hadubini ya shule. Saa nane arudie kwa jani la jirani, alinganishe midomo. Asipake upande wa juu: vitundu vya mwembe karibu vyote viko chini. Kwa mpunga apake popote.