Kiraka Kiandikiwe Sababu



Kazi yangu serikalini ni kutunza programu za lugha ya C. Siku moja nilikuta mistari minne isiyo na maelezo. Nikaiona takataka, nikaifuta. Kwenye mashine mpya mambo yakaenda sawa. Lakini tawi moja lilikuwa na mashine ya zamani, na mwezi ule halikuwa na malimbikizo yoyote ya kulipa. Programu ikaomba nafasi ya baiti 0. Hapo C inaruhusu majibu mawili: kupewa anwani, au kupewa patupu. Mashine ile ikatoa patupu; programu ikadhani nafasi imekwisha, ikasimama. Watumishi walingoja mishahara siku tatu.

Nikairudisha mistari ile, safari hii na sababu yake. Ndivyo wafanyavyo watunzaji wa Gnulib: kwa kila kazi ya C huorodhesha kasoro, na mifumo yenye kasoro hiyo.

Vijana, mkishona kiraka, andikeni kando: mfumo gani, kasoro gani, kiondolewe lini. Atakayewarithi huenda asiwaone kamwe.